Jina Moja kutoka Lukumbwe

Jumatatu, 3 Machi

Naandika ili nisiseme. Nikisema, Mwalimu Kasimiri, mkuu wetu, ataniambia kwa ile sauti yake ya chini, utadhani yuko kanisani muda wote, "Madam Hidaya, pumzika kidogo." Mwalimu wa kujitolea akishaambiwa apumzike, hapumziki wiki. Anapumzika moja kwa moja.

Leo afisa elimu kata, Bi Magreth, amepanda mpaka huku Lukumbwe akiwa na viatu vyake vya mjini mkononi na ndala miguuni. Ametukusanya ofisini akasema kila shule yenye walimu wa kujitolea itapeleka jina moja. Atakayepitishwa huko juu atapewa ajira ya kudumu. Mwenye kupendekeza ni mwalimu mkuu. Jina moja tu, akarudia, akanyoosha kidole kimoja tusije tukakosea kuhesabu.

Shule hii iko mlimani juu ya Bigwa, mahali ambapo bodaboda hukushusha na kukuambia malizia mwenyewe. Walimu tuko wanane. Sita wana cheki namba, yaani wako kwenye orodha ya mishahara ya serikali: wakiumwa wanalipwa, mvua ikinyesha wanalipwa, wakisinzia wanalipwa. Wawili hatuna, mimi na Paskalia. Sisi tunalipwa na wazazi, kwa maharage na maneno matamu. Mimi nimo humu mwaka wa sita, nafundisha hisabati darasa la tano hadi la saba. Paskalia ana miaka miwili na anafundisha darasa la kwanza kuimba.

Bi Magreth alipoondoka nilimuuliza Mwalimu Kasimiri atatumia kigezo gani. Akafunga kabati, akafungua, akafunga tena. "Tutaona," akasema.

Nimefunga, ni siku za mwanzo za Ramadhani, na mtu anaweza kusema ni njaa inayoandika. Si njaa.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Walimu wenye cheki namba waliofika: wawili.

Jumatatu, 10 Machi

Nimwelezee Mwalimu Gervas, maana asije akasahaulika. Anafundisha sayansi, au ndivyo ratiba inavyodai. Ana paneli ya sola aliyoiegesha kwenye dirisha la ofisi ya walimu, na kijiji kizima huleta simu zake kuchajiwa hapo. Mwenye simu akichelewa kuja kuichukua, Gervas huacha kipindi kwenda kumtafuta. Leo darasa la sita lilikaa bila mwalimu wakati yeye akibishana na mama mmoja kuhusu chaji ya pini nyembamba. Nikaingia mimi. Aliporudi akanishukuru, akaniambia vijana kama nyie mnatakiwa mpewe nafasi. Ninamzidi kwa kila kitu isipokuwa ile namba.

Na Paskalia. Paskalia anafundisha herufi moja wiki nzima. Wiki hii ni "m". Watoto wanatembea wakiguna "mmm" kuzunguka uwanja, na yeye nyuma yao ameshika kijiti. Nilimuuliza ataimaliza lini alfabeti, akacheka. Huwa anacheka tu. Angekuwa mtu wa kawaida ningemwonea huruma, lakini Paskalia ni mtoto wa dada yake Mwalimu Kasimiri, tumbo moja. Kwa Waluguru, hilo halihitaji maelezo. Mpwa ndiye mtu wa ukoo wako. Watoto uliowazaa wewe ni wa ukoo wa mke wako, utawalea na utawapenda, lakini ardhi na jina vinakwenda kwa mpwa. Mjomba asiyemsimamia mpwa wake huku mlimani hasalimiwi vizuri.

Kwa hiyo jina moja linalotoka Lukumbwe ninalijua tayari. Ninasubiri tu kuona watakavyolivalisha.

Ijumaa, 14 Machi

Paskalia ofisini, mlango umefungwa.

Jumatatu, 17 Machi

Paskalia ofisini tena. Alipotoka hakuwa anacheka. Nadhani wanamfundisha namna ya kujibu maswali ya huko juu, na hata hilo linamshinda.

Jumatano, 19 Machi

Ukungu ulishuka mpaka kwenye mlango wa darasa la tano, na paa likavuja sehemu zile zile. Gervas hakuja, akatuma ujumbe kuwa njia imeteleza. Njia hiyo hiyo nimeipanda mimi nikiwa nimefunga. Nikaunganisha la tano na la sita, tukasogeza madawati upande mkavu, nikafundisha kugawanya sehemu kwa sehemu. Nilichukua mhogo wa mmoja wao, nikaukata nusu, nikauliza robo ngapi ziko ndani ya nusu hii. Wakaona. Ni raha moja tu niliyo nayo hapa, kuona sura ya mtoto anapoelewa, na sitaki kuiandika sana isije ikanipunguzia hasira.

Katikati ya kipindi akaingia Mwalimu Kasimiri na mabuti yake ya mvua. Akakaa dawati la nyuma, magoti yamemfika kifuani, akabaki hapo mpaka mwisho. Hakuuliza, hakuandika. Ofisi yake inavuja kuliko darasa langu, nadhani alitafuta pakavu. Mtu wa umri ule, amebakiza miaka mitatu kustaafu, hawezi hata kudai bati jipya. Akiulizwa kuhusu paa anasema tutaona, na kweli tunaona, mbingu yote.

Jumanne, 25 Machi

Leo amekuja mama yake Paskalia, dada wa mwalimu mkuu. Amekuja na kabichi nne kubwa na kitenge kipya. Wakajifungia. Baada ya muda nikasikia sauti ya mama ikipanda, ya Kasimiri ikibaki chini vile vile. Gervas akajifanya anapanga nyaya zake ili asikie vizuri. Hakusikia kitu. Mama akatoka bila kuaga mtu, akazisahau kabichi mezani.

Bei haijakubaliwa, nilimwambia Gervas. Akacheka mpaka akakohoa. Nilifurahi kwamba amecheka, kisha nikajiuliza tangu lini nafurahia kumchekesha Gervas.

Kabichi ziligawiwa kwa walimu wote. Niliichukua yangu. Nilifuturu nayo, ilikuwa nzuri.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nimeshinda kwa mama, Mafiga, huko mjini. Ameniuliza habari za ajira mara tatu kabla ya pilau kuiva.

Alhamisi, 10 Aprili

Jina limeshapelekwa. Gervas ameiona bahasha ikitoka, ila hakuona ndani. Nilimfuata Mwalimu Kasimiri kwenye bustani ya shule, nikampa shikamoo, nikamuuliza wazi ni nani. Akasema taratibu haziruhusu kutaja mpaka majina yarudi. Nikasema kwamba taratibu hizo ni za watu wasio na ndugu. Akaniangalia. Akasema baba yake yuko kitandani nyumbani, hali si nzuri, na kama sina jambo la shule anaomba awahi. Akaondoka na mabuti yake.

Huyu baba ni Mzee Agustino, mwenyekiti wetu wa zamani wa kamati ya shule. Ndiye aliyewashawishi wazazi miaka sita iliyopita wachange maharage ili mwalimu wa hisabati apatikane. Kila akikutana na mimi hunitukana. Mimi pia humtukana. Ukoo wake na ukoo wa mama yangu ni watani toka zamani: sisi tunawazika wao, wao wanatuzika sisi, na katikati tunatukanana bila mtu kununa. Mwaka jana aliniambia kwamba sura yangu ndiyo inayowafanya watoto wajue hesabu, kwa hofu. Ni mtu pekee mlimani huku ambaye simdharau.

Jumamosi, 12 Aprili

Mzee Agustino amefariki alfajiri.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimerudi nimelowa mpaka mifupani na sipati usingizi, kwa hiyo nitaandika yote.

Tulimzika saa tisa, mvua ikinyesha ile ya kudondoka wima bila upepo. Padri alimaliza sehemu yake mapema. Baada ya hapo ikawa zamu yetu. Kwa ukoo wetu tulikuwa wanawake watatu na wanaume wawili, na mimi nikapewa koti la marehemu, kofia yake na fimbo yake, kwa sababu wote wanajua mdomo wangu. Kazi ya mtani msibani ni kuwafanya waliofiwa wacheke mahali ambapo hawawezi. Mimi kazi hiyo naiweza.

Nikavaa koti, nikapinda mgongo, nikatembea kwa mwendo wake wa kuvuta mguu mpaka kwenye ukingo wa kaburi. Wajukuu wakaanza kuguna. Nikalala kifudifudi, nikachungulia ndani, nikasema kwa sauti yake kwamba hapa hazikwi mtu. Jeneza likasimama. Wapwa zake wakaniuliza kuna nini.

Nikasimama juu ya udongo. "Kaburi ni ajira ya kudumu," nikasema. "Mzee huyu amekaa duniani miaka yote kwa kujitolea. Nani amemthibitisha? Cheki namba yake iko wapi?"

Wakacheka. Mjane, ambaye hakuwa ameinua uso tangu Jumamosi, akafunika mdomo kwa khanga na mabega yake yakatikisika. Nikaendelea. Nikadai nione vyeti vya marehemu, nikadai kila mpwa wake aseme alichojifunza kwake, wakawa wanajibu upuuzi na kutupia shilingi kwenye kofia. Mama mmoja alilia na kucheka kwa pamoja. Sijawahi kusikilizwa vile, hata darasani. Umati wote uliukodolea macho mdomo wangu, na Bi Magreth, afisa elimu kata, alikuwamo, amesimama nyuma chini ya mwavuli wa bluu, naye akitabasamu.

Nilimwona, nikajua kwamba ninamwona. Na Mwalimu Kasimiri alikuwa amesimama kichwani mwa kaburi, maji yakimtiririka, ameshika msalaba wa mbao kwa mikono miwili, na uso wake ule ule wa tutaona.

Nikasema, "Lakini msihangaike. Mwanawe si ni mwalimu mkuu? Atampitishia jina. Mbona la mpwa wake kalipitisha, na mpwa mwenyewe bado yuko kwenye herufi ya 'm'?"

Wachache walicheka, wale wa mbali. Wa karibu walinyamaza. Nilidhani ni mvua. Nikawapigia "mmm" mara mbili, kama wale watoto. Paskalia alikuwa upande wa wanawake, akainamisha kichwa. Kasimiri hakusogea. Mjomba wangu mmoja akanigusa kiwiko, akaninong'oneza, "Basi, inatosha, vua koti." Tukaacha jeneza lishuke.

Wakati wa kurudi kila mtu alisema nimeipamba kazi. Gervas alinishika mkono. Alisema ujumbe umemfika Bi Magreth, tena bila nauli. Nami najua nimefanya makusudi, na sioni aibu. Kwa utani mtu hawezi kukasirika. Ndiyo sheria yetu, ya zamani kuliko cheki namba.

Jumanne, 15 Aprili

Mama amepiga simu kutoka Mafiga. Habari zimeshafika mjini, mwendo huo hata mtandao hauwezi. Nilidhani atanipongeza. Akaniuliza nilimtania nani.

Nikamwambia marehemu na watu wake.

"Kasimiri ni wa ukoo gani?"

Kila mtu humwita mtoto wa Agustino. Shuleni ndivyo anavyoitwa, barabarani ndivyo anavyoitwa, na mimi nimekulia Mafiga ambako watu huandikishwa jina la baba. Lakini mtoto ni wa mama yake. Kasimiri si wa ukoo wa marehemu hata chembe, na Paskalia, mtoto wa dada yake, vile vile. Ukoo wao na wetu hauna utani wowote.

"Basi hukutania," mama akasema. "Umemtukana mfiwa kwenye kaburi la baba yake. Na yeye, kwa adabu, amekuacha umalize."

Nikamjibu kwamba pamoja na hayo nilichosema ni kweli. Akasema hajaniuliza kama ni kweli. Akakata simu.

Bado nasema ni kweli. Ukweli haubadiliki kwa sababu umesemwa na mtu asiyepaswa.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Njia ya chini imekatika, tunazungukia misheni. Hakuna aliyenitaja.

Jumatano, 23 Aprili

Bi Magreth amekuja baada ya sikukuu ya Pasaka. Safari hii na mabuti. Amekaa ofisini na Mwalimu Kasimiri kama saa nzima, akatoka, akasimama uwanjani akitutazama mimi na Paskalia kwa zamu, akashuka.

Gervas, ambaye dirisha lake la sola linatazamana na ofisi ya mwalimu mkuu, amesikia mwisho wa maneno: jina la Lukumbwe limerudishwa. Nafasi imepelekwa shule nyingine. Afisa amesema hawezi kubeba jina ambalo kata nzima imesikia makaburini kwamba limepitishwa kiukoo, keshokutwa akiulizwa atajibu nini.

Nikasema vizuri. Nilisema hivyo kwa sauti, ofisini, mbele ya watu. Kama sikulipata mimi basi lisiende kwa huyo. Gervas akasema haki imetendeka. Nikanywa chai yangu. Nilikuwa nimekosa ajira, lakini nilijiona mtu aliyeshinda kitu.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimekwenda darasa la kwanza wakati wa mapumziko. Nilikwenda, nikiri, kuona uso wa Paskalia. Alikuwa anafuta ubao. Nikamwambia pole kwa ajira, kwa sauti ile ambayo pole inakuwa si pole.

Akauliza pole ya nini.

Nikasema si jina lako limerudishwa. Akashusha kifutio. Kwa mara ya kwanza nikamwona Paskalia akinitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtu mzima.

"Dada Hidaya, lile jina lilikuwa lako."

Nikamwambia asinidanganye. Hakupandisha sauti. Akaniambia mjomba wake alimwita ofisini mara mbili mwezi wa tatu kumweleza mapema, asije akalisikia kwa watu: kwamba miaka sita ni miaka sita, na baada ya kukaa kwenye kipindi changu cha hisabati mpaka mwisho akaongeza nyumbani kwamba hakuna mwalimu wa kata hii anayefundisha vile. Paskalia alilia siku ya pili, basi. Lakini mama yake hakukubali. Ndiyo maana alikuja na kabichi. Alimwambia kaka yake, mjomba gani anayempita mpwa wake na kumpa mtoto wa watu, tena wa kutoka mjini. Tangu siku ile hawasemeshani. Hata msibani kwa baba yao walikaa mbali mbali. Na Bi Magreth alijua ni jina langu, ila alimwambia mjomba kwamba baada ya maneno ya makaburini watu watasema limebadilishwa.

"Nyumbani kwetu wote tulijua," Paskalia akasema. "Alituambia tusikuambie, taratibu haziruhusu. Mimi nilitaka kukuambia. Kisha ukaanza ile 'mmm'."

Nje watoto wake walikuwa wanafukuzana kwenye matope, na mmoja akaja dirishani akamwonyesha kijiti alichokipinda. Paskalia akamwambia vizuri sana, hiyo ni "n". Akanigeukia akaniuliza kama nina jambo lingine, maana kengele inakaribia.

Jumamosi, 26 Aprili

Sijatoka ndani. Mvua siku nzima.

Nimerudia kusoma niliyoandika humu tangu mwezi wa tatu. Yote niliyaona. Mlango umefungwa, nimeuona. Sauti ya mama wa Paskalia ikipanda, nimeisikia. Kasimiri kukaa nyuma ya darasa langu, magoti kifuani, nimemwona kwa macho haya. Na kila mara nikachagua maana chafu kuliko zote, nikajiona mwerevu. Gervas naye angechagua hiyo hiyo. Kwa karibu miezi miwili nimefikiri kama Gervas.

Jumanne, 29 Aprili

Nimempa Mwalimu Kasimiri shikamoo. Akaitika marahaba. Akaniambia darasa la saba wana mtihani wa majaribio Ijumaa, chaki ziko kabatini.

Jumatatu, 5 Mei

Gervas ameniambia ofisini kwamba mzee anajifanya mtakatifu, kwamba huenda hata hilo jina langu ni hadithi imetungwa baada ya mambo kuharibika. Wiki tatu zilizopita ningemwongezea chumvi. Nimemwambia akachaji simu.

Sijapata faraja yoyote kwa kumjibu hivyo.

Alhamisi, 8 Mei

Mama amesema jambo halitaisha lenyewe. Mtu aliyevuka mpaka wa utani hulipa faini: kuku mmoja, hai, anapelekwa nyumbani kwa uliyemkosea mchana kweupe, majirani wakiona. Akimpokea, yamekwisha. Hata Paskalia akiulizwa na mtu, hatakuwa na la kusema. Nikamuuliza asipompokea je. Akasema hajawahi kusikia.

Jumamosi, 10 Mei

Nimenunua mtetea mweusi Bigwa, nikapanda naye mlima, miguu imefungwa, kichwa chini ya kwapa. Mvua ilikuwa imepungua, yakibaki yale manyunyu ya mwisho wa masika ambayo huwezi kujua kama yanashuka au yanapanda. Watu walikuwa mashambani na kila mmoja alimwona kuku. Hakuna aliyeuliza. Walijua.

Mwalimu Kasimiri alikuwa kwenye migomba nyuma ya nyumba, anazibua mfereji uliojaa udongo. Bila koti la ofisini ni mtu mwembamba kuliko nilivyodhani. Mkewe akaniletea kigoda, akatazama kuku, akaingia ndani, akauacha mlango wazi.

Nikampa shikamoo. Nikasema yale mama aliyonifundisha: kwamba nilivuka mpaka siku ya msiba wa baba yake, kwamba yeye si mtani wangu, na kwamba nimeleta faini. Niliyasema vizuri. Hata sauti yangu niliishusha.

Akachomeka jembe ardhini. Akamtazama kuku, akanitazama mimi.

"Faini ni ya mtu aliyekuwa anatania akapotea njia," akasema. "Wewe hukuwa unatania."

Ilikuwa kweli. Siku ile nilipomwona Bi Magreth chini ya mwavuli, utani uliishia pale. Nilibaki nimesimama na kuku akinipapatikia ubavuni. Nikamuuliza sasa itakuwaje, kama ananiondoa shuleni aniambie leo.

Akasema hapana, kwa nini aniondoe, darasa la saba wanakaribia mtihani. Akasema Bi Magreth ameahidi kwamba nafasi zitakuja tena, labda mwakani, labda mwaka unaofuata, kabla hajastaafu au baada yake. "Zikija nikiwa bado nipo, nitapeleka jina lako. Hilo halihusiani na kuku."

Nikasema, "Ahsante, Mwalimu. Kumbe umenisamehe."

"Hapana," akasema.

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama anavyosema chaki zimeisha. Akang'oa jembe, akarudi mferejini, na udongo ukaendelea kutoka.

Nimeshuka na kuku wangu, mbele ya majirani wale wale. Kule juu nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mawili. Akinisamehe, ningemwona mnyonge. Akinilipizia, ningemwona mdogo. Kwa vyovyote ningeshuka nikiwa juu yake. Hakunipa hata moja. Amenipa kazi yangu, amenipa na jina langu, ila msamaha wake ameuzuia, na sasa sijui nimdharau wapi. Na Jumatatu asubuhi, mwalimu wa kujitolea, nitasimama mlangoni kwake nimpe shikamoo, naye ataitikia marahaba, na itakuwa hivyo kila siku mpaka mmoja wetu aondoke.